Nagina hakuwa mbaya: filamu iliyotunyima usingizi watoto wa Kilwa na Lindi

Wadau, leo naomba tukiri kitu ambacho watu wazima hatupendi kukisema.

Nina rafiki yangu pale Kilwa Masoko, jina kapuni, ni nahodha wa boti. Huyu bwana kavuka kwenda Songosongo wakati wa kusi, mawimbi yanapanda juu ya ukingo, abiria wanasoma dua, yeye anatafuna mhogo. Usiku anapita makaburini peke yake bila tochi. Lakini mwekee ule mlio wa zumari la mganga wa nyoka kwenye simu, sekunde kumi tu, halafu umwangalie. Anainuka, anavaa ndala zake, anaondoka. Wala haagi.

Si yeye peke yake. Yupo mama mmoja wa Lindi, muuza samaki, ambaye mpaka leo havai kiatu bila kukikung'uta mara tatu. Yupo mtumishi mmoja wa serikali, mtu wa suti na tai, ambaye halali dirisha likiwa wazi hata lile joto la Februari. Nimewauliza wote swali moja: hii hali ilianza lini? Wote wamenijibu kwa jina moja: Nagina.

Na mimi nimo humo humo. Basi leo nataka tuiangalie historia ya hofu hii, ilitoka wapi na ilimuumiza nani. Maana kuna mtu iliyemuumiza, na huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Filamu yenyewe

Kwa vijana ambao hamuijui: Nagina ni filamu ya Kihindi ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Harmesh Malhotra. Sridevi anaigiza kama Rajni, Rishi Kapoor ni Rajiv, na Amrish Puri, yule mwenye sauti kama ngurumo, ni Bhairon Nath, mganga wa nyoka. Ilikuwa moja ya filamu zilizoingiza pesa nyingi India mwaka ule. Nyimbo zake zilitungwa na Laxmikant na Pyarelal, na ule wa mwishoni, ambao Sridevi anacheza huku mganga anampulizia zumari, uliimbwa na Lata Mangeshkar.

Sasa sikiliza. Hii haikutengenezwa kuwa filamu ya kutisha. Ni filamu ya familia kabisa: mapenzi, harusi, mama mkwe, nyimbo, machozi. Baba, mama na watoto wanakaa pamoja wanaangalia. Kasoro ni moja tu, bibi harusi ni nyoka aliyejigeuza mtu. Na anapokasirika, macho yake yanabadilika rangi.

Hayo macho! Mtu uliyekuwa na miaka saba hukuona mapenzi wala mama mkwe. Uliona macho.

Jinsi ilivyotufikia

Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Kwa hiyo miaka ya mwisho ya themanini na mwanzoni mwa tisini, mtoto wa Kilwa picha inayotembea aliiona kwenye deki. Na deki yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja mtaani, mwenye ndugu Uarabuni au mwenye duka, na inategemea jenereta. Jenereta likizima katikati ya filamu, mnabaki gizani na kile mlichokiona mwisho. Nadhani nusu ya hofu yetu ilitengenezwa na mafuta ya dizeli kuisha.

Barabara nayo ilichangia. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo kulikuwa na kivuko, na masika yakichachamaa safari ya Dar ilikuwa bahati nasibu. Mikanda ya video ilikuja kwa meli au kwenye begi la msafiri, na ukija mkanda mmoja, huo huo mnauangalia mwezi mzima. Nagina tumeiona mara ngapi? Mimi niliacha kuhesabu. Wazazi wetu waliupenda sana mkanda ule, na hakuna aliyefikiri kwamba filamu ya nyimbo inaweza kumtisha mtoto.

Na kwa nini ya Kihindi? Hapo historia ni ndefu. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa Kilwa Kivinje na Lindi tangu enzi za masultani wa Zanzibar. Zilipokuja sinema katika miji ya pwani, filamu za Bombay zikawa chakula cha Jumapili cha familia za kila rangi. Filamu kama Awaara ya 1951 na Mother India ya 1957 bibi zetu walizijua kwa kichwa. Baada ya sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo, Wahindi wengi walifunga maduka wakaondoka. Filamu zao zikabaki. Ukweli ni kwamba zilikuwa zimeshakuwa zetu.

Ila lugha hatukuijua. Miaka ya baadaye walitokea wakalimani wa video, wale wa mtindo wa Lufufu wa Dar es Salaam, wanaoongea Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Kwetu wakati ule hakukuwa na mkalimani. Alikuwepo kaka mmoja mkubwa anayesema, "Huyo stelingi, huyo adui." Basi. Na kaka yule, Mungu amsamehe, alituambia adui ni Sridevi.

Hofu iliikuta nyumba tayari

Nimejiuliza sana kwa nini ilitukamata vile. Jibu ninaloliona ni kwamba Nagina haikuleta hofu mpya. Ilikuta hofu za zamani zimeshapanga, ikaingia chumba cha pembeni.

Mtoto wa pwani ya kusini analelewa na stori za majini wanaojigeuza wanawake wazuri. Kuna mti usioupita saa saba mchana, kuna kisima kisichochotwa maji jioni. Kuna mumiani, anayenyonya damu za watu akauze dawa. Neno lenyewe lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa na wafanyabiashara baharini, na kuanzia enzi za Mwingereza uvumi wa mumiani ulienea Afrika Mashariki nzima. Mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima mwaka 2000, akionyesha kwamba uvumi ule ulibeba mambo ya kweli: watu kuchukuliwa, kufanyishwa kazi, kutoaminiana na wenye mamlaka.

Na sisi Kilwa tulikuwa na sababu. Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa karne ya 19. Pale pale Kivinje pana kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Miaka kumi baadaye ikaja Maji Maji, iliyoanzia milima ya Matumbi. Watoto wa Kivinje walipita pale wakienda shule. Mtu akikwambia kwetu hofu ni ya kubuni, mpeleke akasome lile bamba.

Kwa hiyo tulipoona mwanamke mzuri anageuka nyoka kwenye kioo, hatukusema "huu ni uigizaji wa Bombay". Tulisema, "Kumbe bibi alikuwa anasema kweli."

Mbu mkubwa

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Wazungu wa kikoloni walikuwa na stori yao kuhusu sisi na filamu. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake Vugiri kule Usambara, chini ya Meja Notcutt. Magari yao yalizunguka Tanganyika na nchi jirani yakionyesha filamu za kilimo na afya. Baadaye, mwaka 1939, Waingereza wakaunda kitengo rasmi cha filamu za makoloni.

Katika duru hizo ikasambaa stori kwamba wanakijiji walionyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa pazia zima, wakasema, "Hao mbu wenu ni hatari, lakini kwetu mbu ni wadogo, hatuna shida." Stori ikatumika kudai kwamba Mwafrika hawezi kuelewa filamu, apewe vitu vya polepole, vya kitoto.

Mimi huwa nawaza, kama kuna mtu kweli alisema hivyo, basi alikuwa anamtania mzungu. Watu wetu kwa utani hawajambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Watanganyika walikuwa wanaigiza wenyewe filamu za Kiswahili. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, ndiye aliyekuwa mhusika mkuu wa Muhogo Mchungu. Watu wasioelewa filamu wangeicheza vipi?

Lakini kuelewa picha ni jambo moja, na kuelewa stori ni jambo lingine. Sisi watoto wa deki picha tuliielewa vizuri mno. Tulichokosea ni stori. Na kosa lenyewe halikuwa dogo.

Fundi cherehani

Mtaani kwetu aliishi mama mmoja, fundi cherehani. Jina lake nalihifadhi. Hakuwa mzaliwa wa Kilwa, aliolewa akaletwa. Alikuwa mrembo, mpole, anaongea kidogo. Na alikuwa na macho mepesi, rangi ya asali, yale ambayo mitaani wanayaita macho ya paka. Mungu alimuumba hivyo.

Mnaona linakokwenda.

Sikumbuki nani alianza. Ninachokumbuka ni kwamba wiki mbili baada ya mkanda kuingia mtaani, sisi watoto tulikuwa hatumwiti kwa jina lake tena. Tulimwita Nagina. Akitoka kwenda kisimani, tunakimbia. Akitutuma dukani, hakuna anayekwenda. Mwenzetu mmoja alipiga zumari la jani la mnazi dirishani kwake ili tuone kama atacheza. Na mimi nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya mwembe, mkojo karibu unitoke, nikisubiri yale macho yabadilike.

Hakucheza. Alifunga dirisha.

Nguo yangu ya Idi mwaka ule ilipelekwa kwake kupimwa, nikalia mpaka nikatapika. Mama akachoka, akaipeleka kwa fundi mwingine. Mama yangu hakuamini kabisa kwamba yule ni nyoka. Ila mtoto analia, afanyeje? Na kina mama wengine walifanya hivyo hivyo, kila mmoja kwa sababu yake ndogo.

Baada ya muda hakuonekana tena. Tukaambiwa kaachika, karudi kwao. Sisi tukashangilia. Naomba mnisamehe kwa kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulishangilia.

Wataalamu wanasemaje

Nikiwa mkubwa nilikutana na utafiti wa wataalamu wawili wa Marekani, Kristen Harrison na Joanne Cantor, uliotoka 1999. Waliwauliza wanafunzi wa chuo kama kuna filamu au kipindi kilichowatisha utotoni na hofu ikaendelea kwa muda. Karibu asilimia 90 walisema ndiyo. Takriban robo walisema hofu ile bado wanayo. Vijana wa chuo! Kwa hiyo nahodha wangu hana haja ya kuona aibu.

Cantor na wenzake waligundua jambo jingine. Mtoto mdogo huogopa sura kuliko tabia. Televisheni ya Marekani ilikuwa na kipindi cha The Incredible Hulk, mtu mwema ambaye akikasirika anageuka jitu la kijani na kuwaokoa wanyonge. Watoto wakubwa walimshangilia. Wadogo walitishika pale pale anapogeuka, kwa sababu kwao mwenye sura mbaya ni mbaya, hata kama anamsaidia mtu.

Wenzetu wakatafuta dawa. Katika filamu The Wizard of Oz ya 1939, mchawi wa kijani aliyeigizwa na Margaret Hamilton aliwatisha watoto vizazi na vizazi. Mwaka 1975 Hamilton, bibi mwenye upole wake, alikaribishwa kwenye kipindi cha watoto cha Mister Rogers, akavaa lile vazi la mchawi kipande kwa kipande mbele ya kamera, watoto waone kwamba ndani yake kuna mtu. Sisi hatukuwa na wa kutuonyesha. Tulikuwa na jenereta na yule kaka.

Lindi, kwenye kivuko

Miaka michache iliyopita nilikuwa Lindi mjini kwa shughuli zangu. Nikashuka pale kwenye kivuko cha Kitunda, nimekaa nasubiri, nanunua karanga. Muuza karanga ni binti. Pembeni yake amekaa mama mtu mzima, miwani, kanga begani, anashona kitambaa kwa mkono. Akainua uso kuniangalia.

Macho ya asali.

Wadau, mimi ni mtu mzima, nina watoto. Moyo wangu ulifanya kitu ambacho sitaki kukieleza. Nusura niinuke nivae ndala kama yule nahodha.

Nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

Nikamtajia mtaa. Akanyamaza kidogo. Akataja jina la mama yangu. Akauliza kama bado yu hai, nikamwambia alishatangulia. Akamwombea. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Wewe ni mmoja wa wale."

Sikuwa na pa kujificha. Nikamwomba radhi, maneno yananikwama. Akanisikiliza mpaka mwisho, sindano mkononi. Ndipo akanieleza ambayo sisi watoto hatukuyajua. Kelele zetu zilifika kwa mama mkwe wake, ambaye tangu mwanzo hakumtaka mkwe wa kuja. Mama mkwe akaenda kwa mganga. Mganga akathibitisha kwamba huyu si mtu wa kawaida. Mumewe alivutana nao mwaka mzima, kisha akachoka.

"Ile filamu yenyewe," akasema, "mimi sikuwahi kuiona wakati ule. Nimekuja kuiona hapa Lindi, kwa mwanangu, ikiwa imetafsiriwa. Nililia sana."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwani wewe hujui stori yake?"

Nikajibu najua. Akatabasamu, akanisimulia upya, na kumbe nilikuwa sijui kitu. Rajni, yule nyoka, alikuja kwenye nyumba ile na kisasi moyoni, lakini akampenda mumewe kweli. Nguvu zake alizitumia kumlinda yeye na mama yake. Mbaya ni Bhairon, mganga, anayetaka kumtumia ili apate jiwe la nyoka lenye nguvu. Ni yeye anayekwenda kwa mama mkwe na kumwambia, mkweo si mtu. Na mama mkwe anaamini. Ule wimbo uliotutisha, ambao Sridevi anacheza na macho yanawaka, si wa nyoka anayeshambulia. Ni wa mke anayelazimishwa na zumari, anapigania nyumba yake.

Yaani adui alikuwa mpiga zumari. Na nyuma ya ule mwembe, wapiga zumari tulikuwa sisi.

Nikarudia kuomba radhi. Akasema, "Mlikuwa watoto, mwanangu. Mtoto haandikiwi." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini mlikua. Mbona hakuna aliyekuja?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake siku ile, na leo bado sina.

Tunabaki na nini

Siku hizi watoto wa Kilwa wana simu, umeme upo, wanaangalia wanachotaka. Filamu za Kiswahili nazo zimetupa majini yetu wenyewe. Wengi mnaikumbuka Shumileta ya Mussa Banzi, jini la kike linalompenda binadamu. Sisemi watoto wasiogope. Hofu ya utotoni haizuiliki, na wengine tunaikumbuka kwa kucheka.

Ninachosema ni hiki. Hofu ya mtoto ikikosa mtu wa kuieleza, huwa inatafuta mtu wa kumkalia. Safari hii ilimkalia mama mwenye macho mepesi ambaye hakuwa na ndugu mtaani wa kumtetea. Kesho itamkalia bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, au mtoto mwenye ualbino. Nchi hii tumeshaona hofu za namna hiyo zikiishia kwenye damu. Hazikuanza na panga. Zilianza na jina la utani na watoto wanaokimbia huku watu wazima wakisema "waacheni, ni watoto".

Mtoto wako akitishwa na filamu, kaa naye. Muulize ameona nini. Mwambie nani mwema na nani mbaya, na kama hujui lugha, usibahatishe kama yule kaka yetu.

Nahodha wangu nilimsimulia yote haya niliporudi Masoko. Alinyamaza sana. Kumbe ndiye aliyepiga lile zumari la jani la mnazi dirishani, mimi nilikuwa nimeshasahau ni nani. Akaniomba namba ya yule mama. Nikampa, baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa. Sijui waliongea nini na sijauliza. Ila Idi iliyofuata, boti lake lilipokwenda Lindi, alichukua na ndoo ya dagaa wakavu na kitambaa cha mabinti zake wawili, kikashonwe.

Na wewe je? Filamu gani ilikunyima usingizi utotoni, na mtaani kwenu mlimpachika nani jina lake?